Msaada: PhD ni ya uhandisi, kazi ni ya kinga ya mwili. Niombe uprofesa idara gani?

Mtanga_Ughaibuni

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni kijana wa Tanga. Shahada ya kwanza nilisoma uhandisi wa kemikali pale UDSM, nikaja Marekani kwa PhD, sasa ni postidoki (mtafiti wa baada ya PhD) mwaka wa tatu. Kazi yangu ni nanochembe za lipidi, yaani chembe ndogo mno za mafuta, zinazobeba mRNA, ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani. Natafuta namna ya kuzifikisha kwenye matezi ya limfu badala ya zote kuishia kwenye ini, ili seli dendritiki (walinzi wa kinga wanaomtambulisha adui) zipokee mzigo na kuziamsha seli T (askari wa kinga). Kwa kifupi nimekaa kati: wahandisi wananiona mtu wa kinga, watu wa kinga wananiona fundi wa lipidi.

Msimu huu nataka kuomba nafasi za profesa msaidizi. Matangazo ninayoyaona ni ya namna tatu: idara za uhandisi tiba zinazotafuta mtu wa "uhandisi wa kinga", idara za imunolojia (elimu ya kinga) kwenye vitivo vya tiba, na zile za kuajiriwa na idara mbili nusu kwa nusu. Bosi wangu anasema tuma kote. Mke wangu anasema turudi nyumbani. Za kitivo cha tiba mshahara wake unavutia, sina haja ya kuwaficha.

Kuna mtu humu amepita njia hii? Idara gani itanifaa mtu kama mimi? Na hiyo ya nusu kwa nusu si ndiyo ingenikaa vizuri zaidi?

BintiKibokoni

Salaam mdogo wangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, profesa mshiriki wa uhandisi tiba kwenye chuo cha serikali huku Midwest, na kamati za usaili nimezikalia misimu kadhaa. Jina la chuo niachie mwenyewe.

Swali lako limeanzia mkiani. Kabla ya kuuliza idara gani, uliza mshahara wako utatoka mfuko wa nani. Ukishalijua hilo, nusu ya maswali mengine yanajijibu.

Huku uhandisi, chuo hunilipa miezi tisa kwa sababu nafundisha. Miezi mitatu ya kiangazi najilipa kutoka kwenye ruzuku zangu, nikiwa nazo. Nikikosa, kiangazi hicho tunakula dengu, lakini Septemba mshahara unarudi kama kawaida. Skuli ya tiba hukupa mkataba wa miezi kumi na miwili na tarakimu ya kupendeza macho. Kisha huko ndani kwenye barua ya ofa kuna sentensi moja imelala kimya: baada ya miaka ya mwanzo, unatarajiwa kufidia sehemu fulani ya mshahara wako kutoka fedha za nje. Sehemu hiyo inaweza kuwa theluthi, inaweza kuwa nusu, na kwengine hupita hapo. Wewe unaona mshahara mkubwa. Mimi naona mshahara ambao nusu yake utajitafutia.

Na neno "ajira ya kudumu" lisikulevye. Skuli nyingi za tiba, ajira ya kudumu inakulindia cheo, haikulindii mshahara wote. Namjua mwanaimunolojia mmoja, hodari, mwenye cheo kamili, ruzuku yake kubwa ilikatika na mshahara ukapunguzwa mwaka uliofuata. Bado anaitwa profesa. Nyumba aliuza.

Sasa piga hesabu. Chukua R01, ruzuku ya NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, ambayo sote tunaiota. Bajeti yake ya mkato ina kikomo cha dola 250,000 kwa mwaka, na kikomo hicho hakijasogea tangu 1999. Ukitaka zaidi unaandika bajeti ya kina na kuitetea senti kwa senti. Postidoki anayeanza, kwa kiwango cha NIH cha 2024, ni dola 61,008, bima hujaigusa. Mwanafunzi wa PhD ana posho yake na ada yake. Panya wanalipiwa kodi kwa kizimba kwa siku, Krismasi na Idi zote zimo. Kingamwili za kupimia seli, kichupa kidogo cha kidole, usiniambie bei, ninaijua. Toa humo nusu ya mshahara wako kisha uniambie umebaki na maabara ya watu wangapi.

Kwa hiyo kwa mtu kama wewe, ambaye kemia ya uhandisi unaijua na unaweza kusimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili ukawafundisha usafirishaji wa joto na masi, mimi ningeanzia uhandisi. Kufundisha ndiko kunakolipa ile miezi tisa. Wengi wenu mnaona darasa ni adhabu, na ndio maana mnakimbilia kule ambako mtafundisha vipindi vinne kwa mwaka na kukesha mkiandika maandiko ya ruzuku.

La pili: watakaokuhukumu ni nani? Ukiwa mtu wa kati, swali hili ni zito kuliko la maabara. Kwenye usaili kuna kikao cha ubaoni: huna slaidi, una kalamu ya ubao na saa moja, umezungukwa na maprofesa waliokwisha kunywa kahawa yao. Hapo utawajua. Wahandisi watakuuliza pKa ya lipidi yako (kipimo cha lini inabeba chaji) ni ngapi na kwa nini uliichagua, ukibadili mkia wa lipidi nini kinabadilika, unaweza kutabiri au unabahatisha. Watu wa kinga hawana habari na mkia. Watakuuliza: umejuaje kuwa ni seli dendritiki zilizopokea, na si makrofaji, zile seli zinazomeza uchafu? Ulizifuta hizo seli kwenye panya ukaona mwitikio unapotea? Na hili lazima waliulize: ulidunga nanochembe tupu, zisizo na mRNA? Kwa sababu lipidi yenyewe inaamsha kinga. Ilionyeshwa 2021 kwamba nanochembe hizo hata bila ujumbe wake zinasukuma seli T saidizi za foliko, zile zinazosaidia kutengeneza kingamwili, na interleukini 6, protini ya kupashana habari kati ya seli, ndiyo inayohusika. Kama huna kundi la nanochembe tupu kwenye kila mchoro, kwa watu wa kinga kikao kimekwisha dakika ya kumi.

Na hili la ini pia, liandae vizuri. Kila mtu anajua sasa kwamba ukidunga kwenye mshipa wa damu, ApoE, protini ya damu inayobeba mafuta, inajibandika kwenye nanochembe na seli za ini zinazibeba kama zao. Dawa ya patisiran, iliyoidhinishwa 2018, ilijengwa juu ya tabia hiyo hiyo. Usisimame ubaoni kusema ini ni tatizo kana kwamba umeligundua wewe. Waambie unalikwepaje na kwa kanuni gani.

Ukitaka mfano wa mtu aliyepita katikati akatoka salama, mtazame Darrell Irvine. PhD yake ni ya polima, MIT. Hakubaki kwa wahandisi wenzake: alikwenda Stanford kwenye maabara ya Mark Davis, mtu wa seli T, ndipo MIT ikamwajiri upande wa uhandisi. Nafasi ya uhandisi, heshima ya watu wa kinga. Wewe postidoki yako iko maabara ya nani? Kama bosi wako naye ni mhandisi, barua zako zote tatu zisitoke kwa wahandisi. Tafuta mwanaimunolojia mmoja mliyeshirikiana kweli, anayeweza kuandika kwamba unaijua kinga na si kuipitia tu.

La nusu kwa nusu: usikubali ukiwa profesa msaidizi. Utakuwa na mikutano ya idara mbili, wakuu wawili wa idara, na siku ya kupandishwa cheo kamati mbili, moja inakuuliza kwa nini hukuchapisha kwenye majarida ya kinga, nyengine inakuuliza kwa nini hukuchapisha kwenye ya uhandisi. Omba ajira asilimia mia kwenye idara moja, na kwenye ya pili uwe mwalikwa wa asilimia sifuri. Utapata wanafunzi wao, semina zao na majirani wa kuwauliza, lakini kura yao haitakugusa. Ikibidi kabisa iwe nusu, andikiwa: idara-mama ni ipi, na ni kamati ipi itakayopiga kura.

Fedha za kuanzishia maabara usizihesabu kwa jumla tu. Uliza zinakwisha lini. Kuna vyuo huzifuta baada ya miaka mitatu hata kama zimebaki. Uliza mashine ya kupimia seli ni ya nani, saa moja shilingi ngapi, na nani anaitengeneza ikiharibika. Mashine ya kwako mwenyewe ni fahari ya miezi sita, baada ya hapo ni mkataba wa matengenezo. Uliza nafasi ya panya ipo sasa au "itapatikana". Hiyo "itapatikana" inakula mwaka mzima wa saa yako ya ajira ya kudumu, ile miaka unayopewa kujithibitisha, na saa hiyo haisimami.

Kiboko_ya_Njia

Mkuu mambo ya uprofesa ni utumwa wa kisasa. Nenda kampuni, Boston huku tuko wengi tu, lipidi zako zinauzika. Na usikate tamaa: Karikó, yule mtafiti wa mRNA wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania (Penn), alishushwa cheo 1995 akaja kuchukua Nobel 2023. Komaa.

BintiKibokoni

Kiboko, kampuni ni njia halali na sina ugomvi nayo, ila ulipozitaja lipidi ungetaja na mwaka 2025. Mwezi Agosti serikali ya Marekani ilifuta miradi 22 ya chanjo za mRNA, karibu dola milioni 500. Kampuni nazo zimeusikia upepo huo.

Na kisa cha Karikó kila mtu anampa kijana kama dawa. Yeye alikwenda kampuni ya BioNTech 2013, na Nobel ilimkuta akiwa hana kiti cha kudumu Penn. Ni sifa kwake, si mpango wa kazi kwa mtu mwenye mke na watoto.

Mtanga, hilo la 2025 likuguse na wewe kwenye maandiko yako. Usijitambulishe kama mtu wa mRNA. Jitambulishe kama mtu anayejua kupeleka mzigo kwenye matezi ya limfu. Mzigo ukiwa mRNA sawa, ukiwa protini sawa, ukiwa kitu cha kutuliza kinga kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, sawa pia.

MhadhiriBara

Mtanga karibu nyumbani, mwambie shemeji ana hoja. Ila uje unajua unachokijia.

Kwa lile swali la Bi Kibokoni, nani analipa mshahara, huku jibu ni rahisi: serikali. Hakuna atakayekuambia jilipe nusu kutoka kwenye ruzuku. Mshahara ni mdogo lakini unaingia. Tatizo ni mlango. Vyuo vya umma vinaajiri kupitia Sekretarieti ya Ajira, na matangazo mengi yanataka GPA 3.8 ya shahada ya kwanza. Hata uwe na machapisho ya kujaza gunia, kama UDSM ulitoka na 3.6 mfumo unakutema. Umri nao, wengi wanaandika usizidi miaka 45. Angalia vyeti vyako kabla hujakata tiketi.

Pili, ukisema uhandisi tiba huku watu wanaelewa vifaa tiba. DIT na Chuo cha Ufundi Arusha wanafundisha vijana wa kutengeneza mashine za hospitali, na ni kazi muhimu mno, lakini usitegemee kukuta idara inayokusubiri wewe na lipidi zako. Wa karibu na kazi yako ni chuo cha Nelson Mandela, Arusha, wana skuli ya sayansi za viumbe na uhandisi wa viumbe. Kigali nako kumechangamka: Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha Afrika Mashariki cha uhandisi tiba, na BioNTech walizindua kiwanda chao cha mRNA huko Desemba 2023.

Kazi ya kinga yenyewe haifanyiki sana vyuoni, inafanyika kwenye taasisi. Taasisi ya Afya ya Ifakara, kwenye tawi lake la Bagamoyo, na KEMRI-Wellcome pale Kilifi. Wana mashine za kupimia seli, wana sampuli za watu, wana wauguzi wanaojua kumtembelea mtoto nyumbani miezi kumi na minane bila kumpoteza. Watu wengi wa aina yako wanaajiriwa chuoni na kufanyia kazi huko.

Usumbufu ni ule ule tunaoujua. Kibali cha maadili NIMR, kibali cha utafiti COSTECH, sampuli kwenda nje ni mkataba mwingine. Kingamwili ukiagiza kutoka Ulaya, ombea zisifike Ijumaa jioni, maana barafu kavu haisubiri Jumatatu ya forodha. Mimi darasa langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi mia mbili na ushee, na mitihani yao nasahihisha mimi. Utafiti nafanya usiku na likizo. Sijuti, lakini usije ukadhani utapumzika.

Mtanga_Ughaibuni

Dada Kibokoni, Mhadhiri, nimewasoma mara mbili. GPA yangu ipo juu ya 3.8, namshukuru Mungu. Barua zangu tatu zote ni za wahandisi, kwa hiyo leo nimemwandikia yule mwanaimunolojia tuliyechapisha naye.

Swali moja limebaki. Mkuu mmoja wa idara aliniuliza kwenye mkutano: "Ukija kwetu, kitu gani ni chako na si cha bosi wako?" Nilijibu jibu la kawaida la lipidi mpya, akatabasamu tu. Nimekuwa nikifikiria kuweka nyumbani ndani ya mpango wangu wa utafiti, malaria hasa, lakini naogopa wataniona nimejibandikia Afrika kwa sababu nimetoka huko.

BintiKibokoni

Hilo tabasamu ninalifahamu, na mimi nimewahi kulitoa. Lipidi mpya kila mgombea anayo.

Malaria ukiiweka kama huruma watakuona hivyo hivyo unavyoogopa. Iweke kama swali la uhandisi, na swali lenyewe liko Bagamoyo. Chanjo ya PfSPZ, ile ya vijidudu vizima vilivyodhoofishwa, ilijaribiwa na taasisi ya Ifakara kwa watu wazima huko Bagamoyo na matokeo yalichapishwa 2018. Dozi zile zile zilizowainua Wamarekani kingamwili ziliwainua Watanzania kidogo zaidi, na ulinzi nao ukawa mdogo. Mwili uliokwisha kupigana na malaria miaka ishirini hauitiki kama mwili usiowahi kuiona. Sasa wewe lipidi zako umezijaribu kwa nani? Kwa panya wanaoishi kwenye kizimba kisafi kuliko chumba cha upasuaji. Mwaka 2016 kundi la Minnesota lilichukua panya wa maabara likawaweka pamoja na panya wa dukani, wale wenye maradhi yao, na kinga ya panya wa maabara ikabadilika, ikaanza kufanana na ya binadamu mtu mzima. Kabla ya hapo ilifanana zaidi na ya mtoto mchanga.

Basi hilo hapo ni lako: nanochembe inafika vipi kwenye tezi la limfu ambalo limeshavimba na kujengeka upya kwa miaka ya maambukizi, na muundo wake ubadilishwe vipi. Bosi wako hana swali hilo. Mhandisi atalipenda kwa sababu lina kipimo na muundo, mtu wa kinga atalipenda kwa sababu lina seli. Na wewe una watu wa kuwapigia simu Bagamoyo kwa Kiswahili, jambo ambalo mgombea mwenzako hana. Uliandike katika aya ya kwanza, si kwenye aya ya mwisho ya "athari kwa jamii".

Tahadhari ya fedha: Mei 2025 NIH ilisimamisha utaratibu wa kupitishia fedha taasisi za nje kupitia ruzuku ya chuo cha Marekani, mpaka waweke utaratibu mpya. Kwa hiyo lengo lako la kwanza na la pili yaweze kusimama kwa panya wachafu hapa hapa, na sampuli za Bagamoyo ziwe lengo la tatu lenye mfuko wake. Wenzako wa Ifakara nao wanaweza kuomba wenyewe, ruzuku ya K43 ya Fogarty, kitengo cha kimataifa cha NIH, ni ya mtafiti aliyeajiriwa kwao. Usiwafanye wawe wakusanya damu wako.

Angalia pia ruzuku ya DP2 ya NIH, dola milioni 1.5 kwa miaka mitano, haidai data za awali na uraia hawaulizi. Ni ya watu walio ndani ya miaka kumi tangu PhD, kwa hiyo hiyo saa nayo inakimbia. K99, ruzuku ya NIH ya kumvusha postidoki hadi uprofesa, ndiyo ya haraka kwako, kwa sababu wageni tunaruhusiwa lakini wanaomba walio chini ya miaka minne ya upostidoki, na wewe uko wa tatu.

Viza: vyuo havibanwi na kikomo cha idadi cha H-1B, viza ya kazi, lakini Septemba 2025 iliwekwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya aliye nje ya nchi. Ukiwa ndani, usitoke kabla hujazungumza na mwanasheria wa chuo. Mwanasheria, si sekretari wa idara.

Matangazo yanafunguliwa Agosti, mengi yanafungwa kati ya Oktoba na Desemba. Nitumie PM ile aya ya kwanza ukishaiandika upya, nitaikata bila huruma. Taarifa ya ufundishaji usinitumie, hiyo andika mwenyewe, ila wataje kwa jina masomo mawili unayoweza kuanza kufundisha kesho.

MhadhiriBara

Nyongeza ndogo kwa Mtanga: kabla hujaiandika Bagamoyo kwenye andiko, waandikie wao kwanza. Tumechoka kujisoma kwenye maandiko ya watu.